Mbele ya kununua chupa ya kusafisha motere



Tangu mavuno ya mpunga yaanze, swali moja linarudi karibu kila fasi tunapopita, kwenye barabara ya Banalia sawa na upande wa Yangambi: «Motere inakohoa, inatoa moshi, haina tena nguvu. Tununue ile chupa ya kusafisha injekta?» Chupa hizo ziko sasa kwenye maduka ya vipuri hapa Kisangani, zina picha nzuri, na bei yake si ndogo. Jibu letu mara nyingi ni hapana. Tutaeleza juu ya nini, tukianza na kosa letu wenyewe.

Koperative moja tunayoisindikiza ina dekortikeze yenye motere ya mazutu ya silinda moja, ya Kichina, kama zile mnazozijua wote. Katikati ya mavuno ikaanza kukatika-katika. Siku hiyo tulikuwa pale, na sisi ndio tuliosema: injekta ni chafu, tieni dawa. Kasha likatoa makuta, dawa ikatiwa, motere ikatumika siku mbili, kisha ikasimama kabisa. Fundi alifungua filtri, akamwaga yaliyokuwa ndani katika chupa ya plastiki inayoonyesha. Juu mazutu, chini maji yenye kutu, karibu nusu kwa nusu. Pompi ya injeksyo ilikuwa imekwaruzika. Kipande kilingojewa wiki tatu. Wakati ule washirika wenye deni la shule ya watoto waliuza mpunga na maganda yake kwa wachuuzi, kwa bei ya wachuuzi.

Ile dawa haikuwa ya uongo. Kazi yake ni kulainisha uchafu ulioungua na kushikamana kwenye mdomo wa injekta. Haiondoi maji, haiondoi mchanga wala kutu. Na pompi ya injeksyo vipande vyake vinakaribiana sana, hata unywele haupiti kati yao. Kinachovilainisha ni mazutu yenyewe. Maji yakiingia, hakuna tena ulaini, chuma kinasaga chuma.

Maji yanatoka wapi? Mazutu na esansi vinafika kwetu kwa mto kutoka Kinshasa, safari ya kilometa 1.700 hivi, ao kwa barabara kutoka mashariki. Njiani vinahamishwa toka pipa mpaka pipa, toka pipa mpaka bidoni, mpaka kwenye meza ya Kadafi kando ya barabara. Mvua inaingia. Tena hewa yetu ina unyevu mwingi: tanki ikilala nusu tupu, usiku matone yanashika ukutani mwake na kuteremka ndani.

Dawa ya hiyo haiuzwi dukani. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yanashuka yenyewe ukiyapa muda. Simamisha bidoni fasi moja, funga kifuniko, uiache siku nzima na usiku wake bila kuitikisa. Kisha vuta mazutu kwa juu na mupira ambao ncha yake inabaki vidole vinne juu ya chini ya bidoni. Usivute kwa mdomo: mazutu yakiingia kwenye mapafu ni hospitali. Pitisha katika kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri, kisichoachia nyuzi. Yanayobaki chini mwage katika chupa inayoonyesha, mtazame pamoja. Ukiona mstari kati ya rangi mbili, umekwisha kuona pompi yako ikiokoka. Jioni, kazi ikiisha, jaza tanki. Na filtri ya mazutu ibadilishwe kwa wakati wake. Kuiosha na kuirudisha ni kudanganya motere.

Kwa esansi ya pikipiki shida nyingine ni kuchanganywa na petroli ya taa. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Esansi safi inaruka yote na karatasi inabaki kavu. Ikiacha doa la mafuta, muuzaji atafute mteja mwingine.

Chupa ya kusafisha ina faida wapi, basi? Kwa motokari ya esansi yenye injeksyo, iliyotembea sana, ambayo esansi yake ni safi na filtri yake ni mpya, lakini bado inatetemeka ikisimama. Hapo inaweza kusaidia. Tazama kama imeandikwa ya esansi ao ya mazutu, usichanganye. Pikipiki yenye kabiratere haina haja nayo: fundi anaifungua, anaiosha na esansi kidogo, anapuliza, imekwisha.

Sasa mafuta ya motere. Hapo ndipo makuta yenu yatumike.

Kwenye bidoni kuna namba na herufi. Namba zinaonyesha uzito wa mafuta. Bidoni ya 40 na bidoni ya 15W-40, motere ikiwa na moto, zina uzito sawasawa. Ile 15W inahusu baridi ya asubuhi, na herufi W inatoka kwenye neno la Kiingereza la majira ya baridi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, baridi hiyo hatuijui. Kwa hiyo kama kitabu cha motere ya dekortikeze kinakubali 40, nunueni 40 bila haya. Lakini motokari ya kisasa inayoomba 5W-30 ipewe 5W-30, haikuomba kwa ajili ya baridi peke yake.

Herufi ni muhimu zaidi, na watu wachache wanazisoma. Kisha neno API, herufi S ni ya motere za esansi, C ni ya mazutu. Herufi inayofuata inaonyesha umri: CD ni ya nyuma ya CC, na CH-4 ao CI-4 ni mpya zaidi. Pikipiki inataka pia maandishi JASO MA, kwa sababu mafuta yake yanapita kwenye ambreyaje. Mafuta mengine ya motokari yana utelezi mwingi: unatia gari, motere inalia, pikipiki haipandi kilima.

Bidoni iliyojazwa tena mafuta ya zamani ipo sokoni, tusifichane. Tazama pete ya kifuniko kama haijavunjika. Sugua tone kati ya vidole: ikiwa na chembe, ao ikinuka kuungua, irudishe. Lakini mafuta kuwa meusi mapema ndani ya motere ya mazutu si kosa, yanabeba masizi kama inavyotakiwa. Yakiwa na rangi ya maziwa ni maji. Zima motere palepale.

Vidanji, kwa motere nyingi za namna hii, ni kila masaa 100 ya kazi, na ya kwanza kwa motere mpya ni masaa 50 ao chini yake. Dekortikeze ikifanya masaa 6 kwa siku, masaa 100 ni siku 17 tu. Wakati wa mavuno zinapita bila mtu kujua, basi daftari litundikwe ukutani na kila anayewasha aandike. Mazutu yenye kiberiti kingi inaacha asidi ndani ya mafuta. Kuchelewesha ni kuiacha ile chuma. Mwaga motere ingali na moto. Siku ileile safisha filtri ya hewa, vumbi la pumba halina huruma.

Wengine wanatuuliza: na mawese je, si mafuta pia? Swali si la kijinga. Mwaka 1900 huko Paris motere ya Diesel ilionyeshwa ikila mafuta ya karanga, na mwaka 1937 Chavanne, wa chuo kikuu cha Brussels, alipata hati ya uvumbuzi ya kugeuza mawese kuwa mafuta ya kuendesha motere. Lakini aliyageuza kwanza, kwa kutumia alkoli. Mawese yenyewe, jinsi yanavyotoka kwenye kinu, yanaganda asubuhi, yanaziba filtri na kuacha makaa kwenye injekta. Yabaki kwenye sombe.

Mafuta yanayotoka kwenye vidanji msiyamwage mtoni wala karibu na kisima, na mtu asiyapake kwenye kidonda, tumekwisha kuona hayo. Yawekwe katika bidoni yenye alama ya rangi nyekundu, yapelekwe garaji mjini. Na bidoni hiyo isirudi tena kamwe kubeba mawese.