Utepe wa Rangi Tatu: Namna ya Kupima Mkono wa Mtoto

Miongoni mwa vifaa vya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono ni mwepesi mno. Hata hivyo, huweza kubaini utapiamlo mkali kabla mzazi hajautambua kwa macho. Hutumika kwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59.

Hupimwa mkono wa kushoto, sehemu iliyo juu ya kiwiko. Kwanza mkono hukunjwa, hutafutwa katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, na hapo hutiwa alama. Kisha mkono huachwa uning'inie bila kukazwa, na utepe huzungushwa penye alama ukigusa ngozi pande zote. Utepe uliokazwa hupunguza kipimo. Uliolegea hukiongeza na kuficha hatari.

Rangi husomwa hivi:

Kijani: sentimita 12.5 au zaidi. Kipimo ni cha kuridhisha.

Njano: kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5; utapiamlo wa kadiri. Mtoto apelekwe zahanati kwa uchunguzi na ushauri wa lishe.

Nyekundu: chini ya 11.5, utapiamlo mkali. Mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.

Mtoto aliyevimba miguu yote miwili, ikabonyea kwa kidole na kubaki na shimo, naye apelekwe mara moja, hata utepe ukionyesha kijani.

Kila mzazi ana haki ya kuambiwa rangi ya mwanawe.