Vidonge vya Dharura vya Kuzuia Mimba: Kauli ya Mtoa Dawa Isipoteze Saa



Tuchukue mfano. Kondomu imepasuka Jumamosi saa 4 usiku. Asubuhi yake mwanamke anafika duka la dawa kuulizia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo mitaani huitwa P2. Mbele ya wateja wengine anaulizwa: "Kwani wewe umeolewa?" Anaondoka kimya.

Vidonge vya levonojestreli vinapaswa kumezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 baada ya tendo. Kwa mwanamke huyu, muda huo unakoma Jumanne saa 4 usiku, na kadiri anavyochelewa ndivyo uwezo wa dawa unavyopungua. Swali lile halikumfedhehesha tu, bali pia lilimpotezea muda.

Wapo watoa dawa wanaosita kwa kuamini kwamba vidonge hivi hutoa mimba. Sivyo. Huzuia au kuchelewesha yai kutoka kwenye ovari. Mimba iliyokwisha kutunga haviiharibu. Wengine huhofia kuchochea uasherati. Hofu hiyo yaweza kueleweka, lakini kazi ya mtoa dawa ni kuhudumia, si kuhukumu. Hata anayeuza bila kutoa maelezo yoyote hajatimiza wajibu wake.

Maswali yanayofaa ni haya, nayo yaulizwe faraghani: Tendo lilifanyika lini? Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Unatumia dawa gani nyingine? Baadhi ya dawa za kifua kikuu, kifafa na VVU hupunguza nguvu ya vidonge hivi.

Nawe mteja zingatia yafuatayo:

- Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, rudi upewe dozi nyingine.
- Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki 1, pima mimba.
- Vidonge hivi havikingi VVU wala magonjwa mengine ya ngono.
- Si mbadala wa njia za kawaida za uzazi wa mpango, ambazo ni bora zaidi. Pata ushauri katika zahanati.

Aliyebakwa awahi kituo cha afya au hospitali, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya VVU nazo huanzwa ndani ya saa 72.

Ukijibiwa kwa kejeli, usirudi nyumbani. Nenda duka jingine la dawa au zahanati siku hiyohiyo.