Dondoo muhimu: Kuweka U-Boot kwenye BeagleBone Black

Fundi wa Bomeni, Taveta, kabla hujaweka butiloda hii inayoamsha bodi na kuipakia Linux, zingatia haya:

1. Jaribu kwanza kwenye kadi ya SD. Usiguse eMMC, hifadhi ya ndani ya bodi, mpaka bodi iwake vizuri kwa kadi hiyo.
2. Tumia kompaila ya ARM, arm-linux-gnueabihf-. Ile ya kawaida ya kompyuta yako haifai.
3. Anza na am335x_evm_defconfig. Usiazime mipangilio ya bodi nyingine.
4. Sehemu ya kwanza ya kadi iwe FAT; nakili faili ya MLO kwanza, kisha u-boot.img.
5. Hakiki jina la kadi kwa lsblk. Ukikosea herufi moja, unaweza kufuta diski ya kompyuta.
6. Waya wa siriali uwe wa volti 3.3, si 5. TX iende kwa RX, GND kwa GND, kasi 115200.
7. Ili bodi iwake kwa kadi ya SD, bonyeza kitufe cha S2 na ukishikilie, ndipo uchomeke umeme.
8. Unapoandika eMMC, tumia betri. Stima hupotea bila hodi.
9. Bodi ikigoma, usiitupe: kadi ya SD inayofanya kazi na S2 vitaiamsha tena.