Bustani ya Forosadi na Upungufu wa Damu: Somo kwa Wakazi wa Kigombe

Kigombe ni kijiji cha pwani katika Wilaya ya Muheza, kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Pangani. Joto lake haliwafai stroberi, ambao hupenda baridi ya milimani kama ile ya Lushoto. Huifaa vizuri forosadi, tunda dogo la vijitone vilivyoshikana, ambalo huanza likiwa kijani, likawa jekundu, kisha likaiva na kuwa jeusi. Mwenye kipande cha ardhi anaweza kupanda miche miwili mitatu kwa kujiburudisha tu, na watoto wakapata matunda karibu na nyumba.

Makala haya yanaeleza namna ya kuipanda, kisha yanajibu swali ambalo wajawazito huuliza mara kwa mara kliniki: je, tunda lenye maji mekundu namna hii huongeza damu?

Namna ya kupanda

Mforosadi hauhitaji mbegu. Mwanzoni mwa mvua za masika au za vuli, kata vipande vya tawi lililokomaa, vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hadi 25, kila kimoja kikiwa na macho matatu au manne. Zika theluthi mbili ya kipande kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, mahali penye kivuli, na umwagilie bila kutuamisha maji. Kikishika mizizi na kutoa majani mapya, kihamishie shambani, mbali na mahali panapofikiwa na maji ya chumvi. Acha nafasi ya mita tatu au zaidi kati ya mti na mti. Matunda hutokea kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo pogoa matawi baada ya kila mavuno.

Chuma matunda yaliyoiva tu, kwa kuwa mabichi huweza kuchafua tumbo. Yaoshe kwa maji safi, na uyatupe yaliyodonolewa na ndege au kung’atwa na popo.

Rangi si damu

Wekundu wa forosadi hutokana na rangi za mimea ziitwazo anthosianini. Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, ambayo mwili huijenga kwa protini na madini ya chuma. Rangi hizi mbili hazina undugu.

Tufanye hesabu. Gramu 100 za forosadi mbichi zina takribani miligramu 2 za madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za madini hayo kila siku kwa njia ya vidonge, pamoja na asidi ya foliki. Ili kupata miligramu 60 kwa forosadi pekee, mama angelazimika kula kilo tatu kila siku, na hata hivyo mwili ungefyonza sehemu ndogo tu. Anayeacha vidonge kwa sababu anakunywa juisi nyekundu huenda akafika siku ya kujifungua akiwa na damu pungufu, wakati ambapo hata kutokwa damu kidogo huweza kumtoa roho.

Tunda linasaidia wapi?

Forosadi ina vitamini C, takribani miligramu 36 katika gramu 100. Vitamini hii husaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde, mchicha na kisamvu. Samaki na dagaa, ambao hawakosekani pwani, husaidia pia. Kwa hiyo kula matunda pamoja na mlo, si saa nyingi baadaye. Chai hufanya kinyume: huzuia ufyonzaji. Inywe walau saa moja baada ya chakula au baada ya kidonge.

Udongo uleule huweza kunyonya damu

Wahenga walilijua jina la safura kabla ya darubini kufika kwetu. Husababishwa na minyoo midogo ambayo viluwiluwi vyake huishi katika udongo wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Hali hizo hupatikana kwa urahisi chini ya miti ya bustani. Viluwiluwi hupenya ngozi ya miguu, na minyoo ikikomaa hung’ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu kila siku. Mkulima apekuaye bustanini anaweza kupoteza kwa miguu zaidi ya alichopata kwa mdomo. Vaa viatu, tumia choo, usitumie kinyesi cha binadamu kuwa mbolea, na fukia madimbwi yanayozaa mbu, kwani malaria nayo huharibu chembe nyekundu za damu.

Kwa mwenye kisukari

Forosadi ina sukari. Kula kiasi cha kiganja, tunda zima badala ya juisi, na usiongeze sukari. Usiache dawa kwa kutegemea tunda wala majani yake.

Kwa mhudumu wa afya

Usimkejeli mama anayesifu juisi yake. Muulize anainywa pamoja na nini, na kama bado anameza vidonge. Mweleze kwamba vidonge huweza kufanya choo kiwe cheusi na kwamba hali hiyo haina madhara. Wengi huviacha kwa hofu hiyo. Pima himoglobini na malaria, ulizia kula udongo, na mpe dawa ya minyoo kwa mujibu wa mwongozo baada ya miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito. Mwenye weupe mkubwa wa viganja, kuhema akiwa amepumzika, moyo kwenda mbio au kuzirai apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini juisi ya forosadi haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge vya madini ya chuma?
2. Katika mlo wa ugali, kunde na dagaa, forosadi iliwe wakati gani, na chai inywewe wakati gani?
3. Taja mambo matatu yanayomkinga mkulima wa bustani dhidi ya safura.