NGUO YA GOME LA MTI

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, merikani na kaniki zilikuwa zimekwisha fika huko, zikichukuliwa na wapagazi kutoka pwani. Walakini watu wengi wa nchi walivaa mbugu, yaani nguo ya gome la mti. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, nguo za dukani zikazidi kuenea.

Uganda kazi hii ingali ikifanywa kwa mti uitwao mutuba, nao ni wa jamii ya mkuyu. Wakati wa mvua fundi hukata duara juu ya shina na jingine chini, kisha hupasua gome toka juu hata chini na kulibandua polepole. Hapo pana hatari. Shina limebaki uchi, na jua likilikausha mti waweza kufa. Basi fundi hulivika upesi majani ya mgomba, hata gome jipya liote. Fundi mwangalifu huvuna mti ule ule miaka mingi. Na gome la kwanza, ajabu, si zuri kama yafuatayo.

Gome hugongwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji, kwanza mipana, mwisho myembamba. Hupanuka, likalainika. Likianikwa juani hugeuka rangi, likawa jekundu kama udongo wa kichuguu.

Lakini mbugu haipatani na maji: ikifuliwa mara kwa mara huharibika. Merikani yafulika.