Dondoo Muhimu: Kujiona Mwalimu Kabla ya Joho

Mwaka 1957, kitabu The Student-Physician, kilichohaririwa na Robert Merton na wenzake, kilionyesha kwamba wanafunzi wa udaktari nchini Marekani walijiona madaktari zaidi mbele ya wagonjwa kuliko mbele ya maprofesa wao. Mwanafunzi wa ualimu naye asisubiri joho.

Aende kwenye mazoezi ya kufundisha na andalio la somo aliloliandika mwenyewe, si la kunakili. Siku mtoto wa kidato cha pili atakapomwita “mwalimu” na kumsogezea daftari lenye hesabu iliyomshinda, kalamu nyekundu itakuwa nzito mkononi. Uzito huo ndio mwanzo wa kazi.

Jioni aandike mistari mitano: wapi alibabaika, na mwalimu mwenyeji angefanyaje.

Mtu wa kumwiga asiwe mmoja. Huyu hupanga ubao vizuri, yule hutuliza darasa bila kiboko. Achukue kwa kila mmoja kinachomfaa, ajaribu, kisichomkaa akiache. Na miiko ya ualimu aisome mwaka wa kwanza, maana kusubiri usaili wa ajira ni kuchelewa mno.