Barabara ya Shambani ni ya Nani?
Somo la mwezi huu: sheria ndogo za kaunti na utunzaji wa njia zetu



Mkulima hulima, hupalilia na huvuna, lakini mavuno hayawi fedha mpaka yafike sokoni. Tuseme mkulima wa Mwakirunge amevuna magunia sita ya muhogo. Muhogo ukisha kung'olewa huanza kuharibika kwa siku mbili tatu. Mvua ya masika ikikata njia kwa siku nne, magunia yale yakifika Kongowea hayana bei tena, na kazi ya miezi mingi imepotea katika shimo moja la barabara. Kwa hiyo habari ya barabara ni habari ya shamba, nasi yatupasa kuijua vizuri.

1. Nani mwenye kazi ya barabara?

Zamani mashauri ya mji yalikuwa mikononi mwa Baraza la Manispaa ya Mombasa, lenye Meya na madiwani. Mabaraza ya namna hiyo yalikoma nchini Kenya baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na kazi zake zikachukuliwa na serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Kaunti ya Mombasa ina wadi 30. Kisauni ina 7, Likoni 5 na Changamwe 5, na kila wadi humchagua mjumbe wake katika Bunge la Kaunti.

Lakini si kila barabara ni ya kaunti. Barabara ya Nairobi ipitayo Changamwe, ya Malindi ipitayo Kisauni, na ile itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga ni barabara kuu za taifa. Ziko pia barabara za mjini zilizo chini ya mamlaka nyingine ya serikali kuu. Barabara za kaunti, zikiwamo njia nyingi ndogo za mitaani na za kuingilia mashambani, ni kazi ya kaunti. Kabla hujapeleka malalamiko, uliza kwanza barabara yako imeandikwa chini ya nani. Wengi wamepoteza miezi kwa kubisha mlango usio wao.

Fedha za kutengeneza barabara hutoka katika mifuko yetu. Ushuru wa matengenezo hutozwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Basi hata mwenye kupanda matatu na kikapu chake cha mchicha amechangia, maana nauli yake ndiyo inayonunua mafuta.

2. Sheria ndogo hutungwaje?

Sheria za kaunti hugusa mambo ya kila siku: masoko, leseni, taka, mifugo mjini, maegesho, na mitaro. Mswada husomwa katika Bunge la Kaunti, na Katiba yaagiza kwamba vikao viwe wazi na wananchi washirikishwe. Ukipita, hupelekwa kwa Gavana atie sahihi, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Sheria isiyotangazwa haina nguvu.

Tena Katiba yasema kwamba kodi au ada yoyote haiwezi kutozwa ila kwa sheria. Kwa hiyo mtu akikusimamisha njiani na gunia lako la nazi akataka ushuru, una haki ya kuuliza kwa adabu: ni kwa sheria gani, na risiti iko wapi? Na ikiwa ni ushuru wa halali, lipa, uweke risiti yako.

3. Adui wa barabara ni maji

Watu hulaumu malori. Lori huharibu, ni kweli, lakini huharibu zaidi njia iliyokwisha loweshwa. Barabara ya udongo hujengwa iwe na mgongo katikati, mfano wa mgongo wa ng'ombe: kwa kila mita moja kutoka katikati, hushuka sentimita 5 hivi. Maji huteremka mpaka mtaroni, na mtaro huyatoa mbali. Mgongo ukilika au mtaro ukiziba, maji hukaa njiani, na magurudumu huchimba mashimo.

Kuchimba upya barabara iliyokufa kwataka mashine na fedha nyingi. Kusafisha mtaro kwataka jembe na koleo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakati mzuri ni mwezi wa Machi, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Toeni mchanga na majani mtaroni na kwenye karavati. Msitupe taka humo. Shimo dogo lijazeni kwa kokoto au mawe ya matumbawe yaliyopondwa, kisha mshindilie. Mkijaza udongo mtupu, mvua ya kwanza itauondoa.

4. Mpaka wa shamba na njia

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Januari 2016 wenyeji wa shamba kubwa la Likoni, la ekari 930 hivi, walianza kupewa hati. Mahali kama hapo, penye watu wengi na vipande vidogo, kila hatua ya ardhi ina thamani, na tamaa ya kusogeza ua ni kubwa. Lakini ramani iliyokupa kipande chako ndiyo hiyo hiyo iliyoweka njia. Ukipanda migomba juu ya njia, au ukifukia mtaro upate mstari mmoja wa mihogo, maji yatageuka yaingie kwa jirani, na siku ya ugonjwa gari halitafika kwako. Na ikiamriwa njia ifunguliwe, mmea na ua vyaweza kuondolewa.

5. Shauri lipelekwe lini?

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Makadirio hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwenye kulalamika mwezi wa Juni amechelewa. Andikeni mapema, jina la njia, urefu wake, mahali palipokatika, na mashamba yanayoitegemea. Mpeni mjumbe wa wadi nakala, nanyi mbaki na nakala. Tena kila mtu ana haki kisheria ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Njia yetu iko chini ya mamlaka gani?
2. Mitaro yetu imesafishwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyeiziba?
3. Ni nani kati yetu atakayeandika barua kabla ya Aprili?